Muulize Fundi: Nataka baiskeli yangu mwenyewe kwa spea za zamani

Mwezi huu maswali yote ni ya baiskeli za zamani, kutoka Tororo hadi Kasese, sijui kumetokea nini huko nje. Nimechagua machache yanayogusa wengi, mengine nimeyaunganisha kwa sababu mlikuwa mnauliza kitu kile kile.

Fundi habari za kazi. Niko Tororo. Nina fremu ya Raleigh ya jajja wangu, alikuwa anabebea pamba kupeleka jineri enzi hizo. Foku ipo, sahani ya cheni ipo ina picha za ndege, magurudumu hayapo kabisa. Nataka niijenge iwe yangu ya kwendea kazini, sio ya kuweka ukutani. Wengine wananiambia niagize spea orijino Uingereza, wengine wanasema nunua tu Hero mpya ya India uache kujisumbua. Spea za Hero zitaingia? Nianzie wapi?

Ndugu yangu, hio ni mali usiiuze. Hao ndege ndo alama ya Raleigh wa Nottingham, ni ndege wa majini mwenye shingo ndefu, sio korongo wetu wa kwenye bendera kama wengine wanavyodai. Japo sahani zinahamishwa sana, unakuta Avon ya India imevaa sahani ya Raleigh na mwenyewe anaapa mbele za watu kwamba ni orijino, kwa hio angalia pia lebo ya mbele na namba iliyogongwa kwenye fremu.

Usinunue kitu bado. Chukua kamba ya waashi, funga kwenye ile sehemu ekseli ya nyuma inapokaa upande wa kushoto, ipeleke mbele izunguke paipu inayobeba usukani, irudishe upande wa kulia uifunge pale pale kwa mwenzake, ikaze vizuri. Sasa pima na rula kutoka kwenye kamba hadi paipu ya kiti, kushoto na kulia. Vipimo vikilingana fremu imenyooka. Tofauti ya milimita moja mbili usilie, ni chuma, fundi mwenye mikono mizuri anairudisha. Ikizidi sana basi kuna siku jajja alianguka na hakumwambia mtu. Alafu kwa sababu ilikuwa inabeba pamba nataka ukwangue uchafu chini ya ile shingo ya mbele, pale paipu ya kushuka kwenye pedeli inapoanzia, na kule nyuma paipu nyembamba zinapokutana kwenye ekseli. Nyufa zinaanzia huko, zinajificha chini ya mafuta na vumbi. Ukikuta ufa usimpe mtu wa kuchomelea mageti na umeme, hizo fremu ziliunganishwa kwa brasi na gesi, tafuta anayefanya kazi hio, Katwe ya Kampala wapo na huko kwenu hawakosi.

Sasa Hero. Jibu ni nusu nusu, na hapa ndo watu wanapoteza pesa. Vitu vya kubana na vya kuning'inia vinaingia: magurudumu, madigadi, keria, stendi, kengele, hata vyuma vya breki vingi ukivinyoosha kidogo. Vitu vya kuzungushwa kwa thredi, ile mistari ya skrubu, hapana. Raleigh walikuwa na thredi zao peke yao, 26 kwa kila inchi, wakati wengi waliobaki walitumia 24, na upana wa ile bomba ya kukaa ekseli ya pedeli nao ni tofauti, kawaida ni milimita 68 lakini Raleigh wana za 71 na 76. Kikombe cha thredi 24 ukikianzisha kwenye bomba ya 26 kitaingia mizunguko miwili hivi alafu kinakaza, na fundi asiye na subira anachukua spana ndefu, analazimisha, kwisha fremu. Kwa hio vile vikombe vya gololi vilivyomo kwenye pedeli na kwenye usukani vitunze kama hati ya shamba. Kikombe cha upande wa cheni usikitoe kama hakijachubuka, kisafishe hapo hapo ndani na kitambaa chenye dizeli. Na ukilazimika kukitoa kumbuka kinafunguka kinyume, sawa na pedeli ya kushoto, wangapi nimeona wananing'inia kwenye spana wakidhani imeshika kutu kumbe wanazidi kuikaza.

Gololi badilisha zote, usichague chague zile zinazong'aa. Za ekseli ya pedeli ni robo inchi, 11 kila upande. Weka grisi mpya, sio ile nyeusi iliyobaki kwenye kopo la gereji.

Magurudumu ndo habari njema yako. Fremu yako ya breki za vyuma, zile za fimbo, inataka rimu ya inchi 28 kwa 1½, na usiende dukani ukasema tu "28" manake kuna 28 mbili tatu ambazo haziingiliani. Soma ubavuni mwa tairi, unataka iandikwe 40-635. Hio 635 ni kipenyo cha rimu kwa milimita pale tairi inapokalia. Ukipewa 622 ni ya baiskeli za kisasa, itachezacheza kwenye breki zako. Marekani mtu mwenye baiskeli kama yako anaagiza hio tairi kwa posta anasubiri, wewe unaikuta Mbale au hapo Tororo imening'inizwa dukani juu ya misumari na jembe. Na sababu ni boda boda. Kabla ya pikipiki boda boda ilikuwa baiskeli, ilianza miaka ya 1960 huko Busia kuvusha watu kati ya geti la Uganda na la Kenya, na ilikuwa hizi hizi za 28, na vijijini bado zinabeba maji na matoke mpaka leo, kwa hio wenye maduka hawajaacha kuleta. Ndo maana mimi siamini mambo ya kuagiza kila kitu Uingereza. Agiza vitu vya thredi tu vikikosekana. Vingine vyote nunua hapa, uweke pesa kwenye rimu nzuri na spoki nzuri. Hesabu matundu: kwa desturi ya Waingereza mbele ni 32 na nyuma ni 40, na Wahindi walifuata hivyo hivyo, lakini hesabu kwa kidole usimwamini muuzaji.

Bado kotapini. Hii nitaieleza pole pole kwa sababu ndo ugonjwa wa baiskeli zote za namna hii, ile pedeli inayosema kok kok kila mzunguko. Kotapini ni kile kipini kinachoshika mkono wa pedeli kwenye ekseli, kina uso mmoja uliochongwa bapa. Cha Raleigh ni milimita 9.5. Dukani utapewa cha 9 kwa sababu kinafanana, kitaingia, kitashika wiki moja. Nenda na vernia ya kupimia milimita au nenda na kile cha zamani mfukoni. Vipini viwili viingie kwa kugeuziana, kimoja kikitoka juu kingine kinatoka chini, ukivielekeza upande mmoja mikono ya pedeli haitanyooka na utaendesha kama mtu anayechechemea. Wakati wa kugonga weka bomba la chuma kizito lisimame chini, sakafuni hadi kwenye mkono wa pedeli, tundu la bomba likae chini ya kipini. Hivyo nguvu ya nyundo inaishia sakafuni, bila bomba inaenda moja kwa moja kwenye gololi zako mpya na kuchimba vikombe. Gonga mpaka sauti ibadilike, utaisikia mwenyewe, inatoka kwenye ile ya kufa inakuwa ya kulia. Ndo ufunge nati. Nati sio ya kuvuta kipini, ni ya kukilinda kisitoke, ukiivuta kwa nguvu thredi inakatika alafu unaanza kutukana spea za Mchina. Endesha siku moja, rudi ugonge tena kidogo ukaze nati tena.

Cheni chukua ile nene ya ½ kwa ⅛. Nyembamba ya gia za nje haitakaa kwenye meno hayo.

Fundi, kwenye vitu vya kontena hapa Mbale nimepata habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma imeandikwa Sturmey-Archer AW na namba 68 4. Nimeifunga kwenye baiskeli yangu, gia zinaingia lakini nikisimama kwenye pedeli kupanda mlima inaachia ghafla karibu nijipige kifua kwenye usukani. Fundi wangu anasema imekufa anataka kuifungua. Nimruhusu?

Mzuie hio mikono haraka! Hio habu inawezekana haina shida yoyote.

AW ni gia 3 za ndani, imetengenezwa tangu 1936, na yako kwa hizo namba ilitoka kiwandani mwezi wa 4 mwaka 1968. Kati ya gia ya 2 na ya 3 kuna sehemu tupu isiyo na gia, na waya ikilegea au ikikaza kupita kiasi inakaa hapo hapo kwenye utupu. Ukiwa umekaa unaweza usijue. Ukisimama na uzito wote ndo inaachia. Watu wamevunjika meno kwa hilo kwa hio usiendeshe mpaka urekebishe, na kurekebisha ni dakika chache.

Weka gia ya 2. Nenda ubavu wa kulia, nati ya ekseli ina kitundu cha kuchungulia na kuna kacheni kadogo kanaingia ndani ya ekseli. Kale kacheni kameshikana na kafimbo. Chungulia kwenye tundu uone mwisho wa kafimbo: uwe sawa sawa na mwisho wa ekseli, usizidi nje wala usizame. Zungusha kile kirekebishio cha waya mpaka ulingane, kaza nati yake ndogo, jaribu gia zote tatu ukiwa umeinua gurudumu. Kama waya yenyewe imekatika nyuzi au ganda lake limepinda, nunua nyingine, hakuna kirekebishio kitakachokusaidia.

Alafu mafuta. Kwenye mwili wa habu kuna kifuniko kidogo cha kumiminia. Kama imetoka kwenye kontena bila shaka ndani kumekauka, mimina oili nyepesi kama kijiko kimoja cha chai, SAE 30 inafaa, lala nayo, alafu matone machache kila mwezi. Sio mafuta ya kupikia, yanaganda kama gundi. Na sio grisi kwenye hicho kitundu jamani, nasema kwa sababu wapo wanaofanya.

Vitu viwili zaidi nataka uangalie kwa vile umeifunga mwenyewe. Ekseli yake ina ubapa pande mbili na inatakiwa iwe na washa zenye jino linaloingia kwenye mpasuo wa fremu, bila hizo ekseli yenyewe inajizungusha ukikanyaga kwa nguvu na waya inavurugika kila siku, utarekebisha mpaka uchoke. Na urefu wa ekseli, zilikuja za milimita 146 na 159, kama nati zako zimeshika kwa mizunguko miwili tu umepata ile fupi kwenye fremu pana.

Kwa mtu wa Mbale mwenye mlima Elgon mgongoni ningebadilisha pia giya ndogo ya nyuma. Sahani ya meno 48 na nyuma 18, ambayo ndo ya kawaida kwenye hizi 28, mzunguko mmoja wa pedeli unakupeleka karibu mita 6, hio ni ya tambarare za Soroti. Weka nyuma 22, gia ya 2 itakuwa mita 4.9 hivi, ya 1 inapunguza robo unapata kama 3.7, ya 3 inaongeza theluthi unarudi 6.5. Utapanda umekaa kwenye siti.

Fundi wako mpe chai, lakini habu asifungue.

Mzee fundi shikamoo, mimi ni mwanafunzi niko Makerere. Nataka baiskeli ya kizamani yenye usukani wa resi uliopinda chini, kama zile za picha za Ufaransa na Italia. Nina Phoenix ya 28, nimeshapata usukani. Fundi wa hapa stegi anasema haiwezekani. Kweli?

Marahaba mwanangu. Inawezekana ila sio hivyo unavyofikiria, na fundi wako wa stegi ana hoja.

Breki za Phoenix yako zimejengwa ndani ya usukani. Zile fimbo zinaanzia kwenye mkono wako zinashuka mpaka kwenye rimu, ukitoa usukani umetoa breki. Sasa utasema nitaweka breki za waya. Sawa, lakini breki za waya zinabana rimu ubavuni, na rimu yako ubavuni ni mviringo haina ukuta wa kubanwa, kwa sababu breki ya fimbo inabana rimu upande wa ndani, inavuta kutoka kwenye ekseli kuelekea nje. Kwa hio ubadilishe rimu. Ukibadilisha rimu utaenda ya 622, gurudumu linakuwa dogo kidogo, breki hazifiki vizuri, unatafuta za mikono mirefu, na foku yako haina tundu la kuzifunga, unatoboa chuma kinachobeba meno yako. Ukimaliza umetumia pesa nyingi na una baiskeli nzito yenye usukani wa resi, na unashuka Wandegeya nayo asubuhi katikati ya takisi na boda. Mimi sikushauri.

Uza huo usukani au uweke. Kwenye mitumba ya baiskeli Kampala zinaingia fremu za chuma za resi za miaka ya 1970 na 1980, nyingine zina stika ya Reynolds 531, bomba za Waingereza za tangu 1935, hizo ndo nyepesi na zilizaliwa na usukani wa namna hio. Pima nafasi ya gurudumu la nyuma, ndani kwa ndani: 120 ni za zamani za gia 5 nyuma, 126 ni za 6 au 7, na magurudumu ya resi ya karibuni zaidi ya breki za kubana rimu mengi ni 130. Kutoka 126 hadi 130 fremu ya chuma unaipanua taratibu inakubali. Ya aluminiamu usijaribu, inapasuka. Sumaku ndogo mfukoni itakuambia ipi ni ipi kabla hujaanza kubishana bei.

Na Phoenix usiitupe, itakubebea jerikeni.

Fundi, mimi mwalimu Kasese. Nimenunua kiti cha ngozi cha Brooks cha zamani, kimekakamaa na kimebonyea katikati. Jirani ananiambia nikiloweke kwenye mafuta ya gari kitalainika. Na kinacheza kwenye paipu yake.

Mwalimu, asante ya Mungu umeuliza kabla. Oili ya gari italainisha mpaka ngozi ininginie kama hamoki na suruali zako zote zitakuwa na doa ambalo wanafunzi hawatakuacha. Hizo ngozi za Brooks, kampuni ya Birmingham ya tangu 1866, ni nene na zinataka mafuta ya nta ya ngozi, kidogo, zaidi upande wa chini ambako hakujapakwa rangi. Ukikosa, dawa ya viatu ya nta isiyo na rangi inasaidia. Alafu kaa. Kiti kinajitengeneza na mwili wako na hilo halina njia ya mkato.

Huko kubonyea, chini ya pua ya kiti kuna nati ya kukaza ngozi. Nusu mzunguko, sio zaidi, endesha wiki uone. Kikiwa kimelowa usiguse hio nati na usikikalie, ngozi mbichi inavutika hairudi. Kasese mvua ikija haipigi hodi, beba kaveera (mfuko wa plastiki) ya kukifunika kwenye keria.

Kucheza ni paipu sio kiti. Nyingi za 28 zinataka paipu ya milimita 25.4, ukiwekewa ya 25 fundi anakunja kipande cha kopo la soda anachomeka. Inashika, lakini inakula fremu. Nunua paipu sahihi.

Nikimaliza kujenga, nipige rangi mpya au niache ya zamani yenye michubuko? (Mmeuliza wengi, Jinja, Lira, Masaka.)

Acha. Rangi ile nyeusi ya zamani ukiisugua na kitambaa chenye oili kidogo inarudi vizuri kuliko mnavyodhani, na mistari ya dhahabu ikiondoka hakuna anayeweza kukuchorea tena kama ile. Chromu yenye vidoa vya kutu chukua karatasi ya fedha ya kufungia chakula, ikunje, ilowanishe na maji, sugua bila nguvu. Steelwool inakwangua chromu yenyewe.

Kama kutu imeshakula mpaka chuma kinaonekana basi piga, lakini ziba thredi zote kwanza, toa lebo ya mbele usiipulizie juu, na mwambie mpiga rangi asijaze ile namba ya fremu. Kwenye Raleigh nyingi za zamani ipo juu, kwenye kiungo cha paipu ya kiti, nyingine ipo chini kwenye bomba ya pedeli. Iandike mahali, piga na picha. Baiskeli ikipotea, polisi hawaulizi ilikuwa ya rangi gani, wanaulizia hio namba.